Inveta ya Kimarekani ya waya tatu inazima mzigo ukiwa asilimia 59 tu, shida iko wapi? (Tanga)

mpwa_wa_sahare:

Habari zenu wakuu, niko Tanga hapa Sahare. Shangazi yangu karudi jumla kutoka Marekani, kaja na kontena na ndani ya kontena kuna nyumba nzima, friji, maikrowevu, birika la umeme, feni za darini, TV, hadi taa za kitandani, na vyote vya volti 120. Na inveta yake ya sola kaja nayo, ya kilowati 6, ubavuni imeandikwa 120/240. Msimamo wake ni kwamba vitu vyake haviwezi kula umeme wa huku kwa hiyo upande wake wa nyumba uende na sola tu basi, na ukimjua shangazi hujisumbui kubisha.

Fundi kaja kafunga, paneli ziko juu ya bati, betri ziko stoo, mchana kutwa inakwenda vizuri. Balaa ni asubuhi. Akiwasha maikrowevu na birika kwa pamoja inveta inalia halafu inazima kila kitu. Nikasimama mbele ya kioo chake nikaangalia kwa macho yangu, inaandika mzigo asilimia 59, sekunde chache giza. Sasa 59 si mia, kwa nini izime?

Inveta ina waya tatu za kutokea, L1, N (nyutro) na L2. Fundi wetu anasema hizo ni fezi mbili na inveta ni mbovu ibadilishwe. Fundi mwingine wa Ngamiani akasema si fezi mbili, ni fezi moja imepasuliwa katikati wanaita spliti fezi, na kwamba mzigo haujasawazishwa, akamaliza chai yake akaondoka hakufafanua. Mie nauliza hivi, mzigo usiposawazishwa huu mfumo unafanyaje? Maana Wamarekani nchi nzima wanaishi hivyo, nani anawasawazishia?

Kama inasaidia, L1 ina maikrowevu (wati 1500), birika (1500) na friji (200 hivi). L2 ina feni, TV na taa, zote pamoja kama 350.

nyutro_haidanganyi:

Mkuu inveta nzima hiyo, mwambie fundi aiweke chini bisibisi. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye ile sentensi ya mwisho.

Inveta nyingi za namna hiyo ndani yake ni kama inveta mbili za volti 120 zimefungwa mgongo kwa mgongo, kila moja ina uwezo wa nusu. Kilowati 6 maana yake ni kilowati 3 upande wa L1 na kilowati 3 upande wa L2, si 6 popote utakapo. Piga hesabu, 1500 na 1500 na 200 ni 3200, upande mmoja umeshapita 3000. Upande wa pili una 350 umelala usingizi. Jumla 3550, gawanya kwa 6000 unapata hiyo 59 yako. Kioo kinakuonyesha jumla lakini kinga ya ndani inaangalia kila upande peke yake. Tafuta kwenye menyu, baadhi zina ukurasa unaoonyesha L1 na L2 mbalimbali.

Sasa swali lako la nani anawasawazishia. Hakuna. Na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, wanadhani kuna kifaa kimekaa mahali kinagawa mzigo. Kule kwao transfoma ya nguzoni upande wa nyumbani ina koili ya volti 240, katikati ya hiyo koili wametoa waya, huo waya wa katikati ndio nyutro na umepigwa ardhini. Kutoka katikati kwenda ncha hii ni 120, katikati kwenda ncha ile 120, ncha kwa ncha 240. Wimbi la L1 likiwa linapanda la L2 linashuka, kwa hiyo mikondo miwili ikikutana kwenye nyutro inafutana, kinachobaki ni tofauti tu. Ni mzega wa maji, ndoo zikilingana bega linatulia, moja ikizidi ile ziada unaisikia wewe.

Kwa mfano wenu, L1 inavuta 3200 gawa 120, kama ampea 26.7. L2 inavuta 350 gawa 120, kama 2.9. Nyutro inabeba tofauti, ampea 23.8 hivi. Hamisha birika liende L2: sasa L1 ina 1700 (ampea 14.2), L2 ina 1850 (15.4), nyutro imebaki na ampea 1 na kitu. Shangazi anapika chai na maikrowevu inazunguka na hakuna kinacholia. Kazi ya dakika ishirini kwa fundi anayejua anachoshika.

Transfoma ya mtaani haijali sana mzigo ukiwa upande mmoja, koili zote mbili ziko kwenye chuma kimoja na upande wa laini kubwa inaona jumla tu, labda volti ya upande uliolemewa inashuka kidogo. Mita nayo inahesabu jumla. Ndiyo maana Mmarekani wa kawaida hajui hata soketi yake iko L1 au L2. Kwenye boksi lao la breka wamepanga ile pau ya shaba ikipishana, breka hii L1 inayofuata L2, hivyo mzigo unajigawa wenyewe hata fundi akiwa mvivu. Na vitu vikubwa kama hita ya maji na kiyoyozi vinakaa kati ya L1 na L2 kwenye 240, vinavuta sawa pande zote, nyutro havina habari nayo kabisa. Inveta ndiyo inayojali, kwa sababu nusu yake moja haiwezi kuazima nguvu ya nusu nyingine.

mzee_wa_klampu:

Yakhe huyo wa juu kasema kweli, ila kapita haraka kwenye kitu kinachounguza nyumba. NYUTRO IKIKATIKA.

Mie nimefanya kazi ya umeme kwenye viwanda vya mkonge miaka mingi, fezi tatu ndiyo chakula changu, na sheria ni ile ile. Nyutro ikiwepo kila upande unapata 120 yake hata mzigo uwe wa ovyo vipi. Nyutro ikikatika L1 na L2 zinabaki zimeungana mfululizo kwenye volti 240, mzigo wa huku unapitia mzigo wa kule, na volti zinagawanywa kwa ukinzani. Mwenye mzigo mkubwa ana ukinzani mdogo anapata volti kidogo, mwenye mzigo mdogo ndiye anayemiminiwa.

Chukua L1 birika la wati 1200, ukinzani wake ohmu 12. L2 taa na TV za wati 120, ohmu 120. Nyutro imekwenda. Jumla ohmu 132, mkondo 240 gawa 132, ni 1.8. Birika linapata volti 22 halipashi hata uji wa mtoto, TV ya shangazi inapata 218 wakati imeandikwa 120. Umemaliza kazi hapo. Na breka haitaruka kwa sababu ampea ni 1.8 tu, breka inaona kila kitu shwari huku TV inatoa moshi.

Kwetu huku mambo ni hayo hayo ila kwa volti kubwa zaidi. Umeme wetu ni 230 kati ya fezi na nyutro, fezi kwa fezi 400. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, mwenye balbu moja anaweza kumiminiwa volti zinazosogea hiyo 400. Hao ndio mnawasikia "umeme umekuja mkubwa ukaunguza friji mtaa mzima", wengi ukichunguza ni nyutro.

Kwa hiyo kwanza, nyutro usiwekee fyuzi wala breka yake peke yake, haikatwi ikaachwa L1 na L2 zikiwa na umeme. Pili, wewe uko Sahare, upepo wa chumvi. Kaza skrubu za nyutro, zikague kila baada ya muda, ukiona kijani kwenye shaba au plastiki imegeuka rangi ya kahawia safisha au badilisha tamino. Dalili za kuwahi: ukiwasha birika taa za upande wa pili ziking'aa zaidi badala ya kutulia, zima kila kitu uite fundi. Taa za upande ule ule kufifia kidogo ni kawaida, za upande wa pili kuwaka kama mchana si kawaida.

dada_fundi_bwy:

Nipo Bagamoyo, nafunga sola nyumba za wageni huku Kaole na Mlingotini. Shikamoo mzee wa klampu, umenikumbusha kazi ya wiki nzima, lakini ngoja nichangie.

Si kila inveta ni mbili mgongo kwa mgongo. Nyingine inatoa 240 tu waya mbili halafu kuna ototransfoma pembeni inayotengeneza nyutro, koili moja imetobolewa katikati kama ile ya nguzoni. Hiyo inasawazisha kweli! Ukiweka wati 4000 zote L1 na L2 sifuri, mzigo unavuta ampea 33.3, zinarudi na nyutro hadi katikati ya koili, pale zinagawanyika 16.7 huku na 16.7 huku, inveta yenyewe inaona 240 na ampea 16.7, haijui kama kuna upande umelemewa. Na kwa kuwa kila nusu ya koili inabeba nusu ya mkondo wa nyutro, ototransfoma ya VA 2000 (volti mara ampea) inatosha kwa tofauti ya wati 4000. Watu wananunua kubwa bila sababu.

Ila kwako mpwa sikushauri uikimbilie. Ni chuma kizito, kinavuma, kinakula umeme wake usiku kucha hata hamtumii chochote, na betri ndiyo inayolipa. Hamisha birika kwanza. Ototransfoma ni kwa mtu ambaye mzigo wake kweli haugawanyiki, mfano ana mashine moja kubwa ya 120.

Na kitu kingine, mafundi wetu wakisikia "fezi mbili" wanachukua uzoefu wa fezi tatu wanauleta humu. Fezi tatu mawimbi yake yameachana nyuzi (digrii) 120, si volti hizo, ukiwa na ampea 20, 10 na 5 huwezi kutoa moja kwa moja, nyutro inakuja kama 13. Spliti fezi zimeachana nyuzi 180 ndiyo maana ni kutoa tu kama darasa la pili. Hata yale mawimbi machafu ya tatu (hamoniki, mawimbi ya ziada yanayopanda na kushuka mara tatu zaidi ya wimbi la umeme) yanayotoka kwenye taa za LED na kompyuta, kwenye fezi tatu yanajumlishana kwenye nyutro hadi nyutro inapata moto kuliko fezi, kwenye spliti fezi yanafutana. Huu mfumo si mbaya kama watu wanavyousema jamani.

mpwa_wa_sahare:

Mungu awabariki, nimeelewa kuliko nilivyoelewa fizikia ya sekondari. Sasa mengine mawili kabla sijamwita fundi. Moja, nyumba ina vitu vya kwetu pia, pasi, na pampu ya kisima ya volti 230. Naona L1 kwa L2 ni 240, naweza kuvichomeka hapo? Mbili, fundi anataka kuleta waya za LUKU ziingie kwenye inveta ili mvua zikizidi ichaji betri, sehemu ya kuingizia ina L1, N, L2 kama ile ya kutokea. Anasema layini aweke L1, nyutro yetu aweke L2.

nyutro_haidanganyi:

La pili kwanza, na nalisema kwa herufi kubwa HAPANA. Hapo ndipo inveta itakapokuwa mbovu kweli.

Nyutro yetu imepigwa ardhini huko nje. Nyutro ya mfumo wa shangazi, ile ya katikati, kwa utaratibu wa Kimarekani nayo inaungwa na ardhi, inveta nyingine zinaunga zenyewe kwa ndani. Ukiweka nyutro yetu kwenye L2 umeiambia L2 nayo iwe ardhi, sasa L2 na katikati zote ziko ardhini, yaani nusu ya koili umeifunga shoti. Hata ikiwa haijaungwa ardhini, ile N ya katikati itakuwa inaelea volti 115 juu ya ardhi na kila soketi ya shangazi itakuwa na "nyutro" inayopiga. Kama mnataka LUKU ichaji betri nunueni chaja ya kawaida ya 230 ya betri za aina hiyo hiyo, ifungwe upande wa betri, umeme wa gridi na inveta visikutane kabisa upande wa AC (umeme wa kwenye soketi).

La kwanza, pasi ndiyo. Pasi ya 230 kwenye 240 haina neno, na uzuri wake inavuta sawa L1 na L2 kwa hiyo haikuharibii usawa. Lakini waya zote mbili ni moto, kila mmoja una 120 ukiupima na ardhi. Swichi ya kawaida inakata waya mmoja tu, ukizima unadhani salama kumbe ule wa pili bado uko hai ndani ya kifaa. Kwa hiyo hiyo soketi iwe na breka inayokata waya zote mbili kwa mpigo, na waya wa ardhi uwepo wa kweli si wa mapambo. Wakati wa kununua taja kabisa nyaya mbili, ukisema breka tu watakupa ya waya mmoja.

mzee_wa_klampu:

Pampu, uliza kwanza inveta inatoa mizunguko mingapi kwa sekunde (Hz). Vitu vya Marekani ni 60, vyetu 50. Pampu ya 50 ukiipa 60 inazunguka kasi zaidi kwa moja ya tano, na pampu ya kuzungusha maji nguvu inayotaka inapanda kwa mchemraba wa kasi, 1.2 mara 1.2 mara 1.2 ni kama 1.73. Yaani umeitwisha asilimia 73 ya ziada, mota itanuka kabla tangi halijajaa. Na ukiishusha inveta iwe 50 ili pampu ifurahi, friji ya shangazi iliyotengenezwa kwa 60 itazunguka polepole na mota yake itapata joto. Huwapati wote wawili. Pampu ibaki LUKU.

kijana_wa_makorora:

wazee naomba niulize nje ya mada kidogo, kwa nini Wamarekani hawakufanya 230 kama sisi yakaisha? waya tatu za nini

dada_fundi_bwy:

Shaba, kijana. Edison mwanzoni alikuwa anauza umeme wa DC (usiogeuka mwelekeo, kama wa betri) wa volti 110 hivi kwa ajili ya balbu, na volti ndogo inataka waya nene. Mwaka 1883 wakaanza kutumia waya tatu, 110 huku 110 huku na katikati nyutro, mji wa Sunbury, Pennsylvania ulikuwa wa kwanza kuwashwa hivyo. Mizigo ikilingana nyutro haibebi kitu, na umeme unasafiri kama wa 220, kwa hiyo shaba inayohitajika inapungua sana huku balbu bado zinapata 110 zao. DC ilipoondoka ile waya tatu ikabaki. Uingereza naye Hopkinson aliwaza hivyo hivyo wakati huo huo. Sisi tumerithi mfumo wa Ulaya.

Mpwa, nyongeza moja kabla hujaita fundi. Pitia vitu vya shangazi usome nyuma ya kila kimoja. Kikiandikwa 100-240V 50/60Hz, na TV na chaja nyingi za siku hizi zimeandikwa hivyo, hicho hakina haja ya inveta, kibadilishie plagi tu kichomeke LUKU. Kilichoandikwa 120V 60Hz peke yake ndicho kibaki kwenye sola. Unaweza ukakuta L2 yako inapungua zaidi na unapata nafasi ya kuweka mashine ya kufulia.

mpwa_wa_sahare:

Dada nimesoma, TV ni 100-240, taa za kitandani pia kwa sababu ni za chaja. Feni 120 tupu, friji 120 tupu. Kesho fundi wa Ngamiani anakuja, birika linahamia L2 na waya za LUKU haziji kabisa kwenye inveta. Mashine ya kufulia ipo kweli, bado iko kwenye boksi, imeandikwa 120V 60Hz ampea 10. Hiyo niiweke upande gani?

nyutro_haidanganyi:

Ampea 10 kwa 120 ni wati 1200. TV na taa zikitoka, L2 inabaki na birika na feni, sema 1700 na ushee, L1 ina maikrowevu na friji 1700. Popote utakapoiweka utafika kama 2900 vyote vikiwashwa pamoja, hapo umekaa ukingoni mwa 3000, na mota ikianza kuzunguka inavuta zaidi ya hiyo 10 kwa muda mfupi, na kama ni L1, friji nayo ikiamua kuwaka sekunde hiyo hiyo inaruka tena. Mie ningeiweka L2 kwa sababu birika linamaliza kazi ndani ya dakika chache, na ningemwomba shangazi asifue wakati wa kifungua kinywa. Hilo la mwisho utamwambia wewe, sisi hatumo.